Ngoma Isiyo na Mgeni Rasmi: Kuhusu Kazi ya Opiyo Okach

Katika mafunzo ya itikadi tuliyoyaendesha Heru Juu, wilayani Kasulu, kwa makada wa matawi pamoja na wanafunzi waliokuwa likizoni, jioni moja tuliweka madaftari kando, tukawasha projekta na kuelekeza mwanga wake ukutani. Tulionyesha vipande vifupi vya kazi ya Opiyo Okach, mchezaji na mtunzi wa dansi kutoka Kenya. Somo la siku ile lilikuwa utamaduni na ukombozi, nasi tulitaka mfano wa kujadili. Katika picha zile hakukuwa na maneno. Kwa kitambo kirefu hakukuwa hata na mdundo. Kulikuwa na mwili wa mtu unaosogea polepole, unasita, unageuka, unaanza upya.

Darasa lilicheka kwanza, halafu likakasirika. Kijana mmoja aliuliza kama mtu mzima ana haja ya kwenda Ulaya kufundishwa kunyamaza. Mwingine alisema hiyo si ngoma, ni kasumba. Ngoma anaijua, amezaliwa nayo. Neno kasumba likapita kila mdomo, likaandikwa ubaoni, na sisi wakufunzi tukaliacha pale pale, tukazima mashine na kufunga somo. Tumekaa na hukumu ile kwa muda, na kadiri tulivyoifikiri ndivyo tulivyoona haya. Hukumu ilikuwa ya haraka, na waliokuwa na wajibu wa kuizuia ni sisi. Kada anayeliita jambo kasumba kabla hajalichambua hana tofauti na yule anayelisifu kwa sababu limetoka Ulaya: wote wawili wamemwachia Mzungu kazi ya kuamua. Kwa hiyo tunalirudia somo lile hapa, safari hii tukiwa na nafasi ya kutosha.

Okach alianzia katika michezo ya kuigiza jijini Nairobi. Hatuna budi kukumbuka jukwaa la Kenya lilikuwa limepitia nini. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao wenyewe na kucheza mchezo wa lugha yao, Ngaahika Ndeenda, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku mwaka ule ule, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 askari walikwenda wakalibomoa jukwaa lenyewe. Katika nchi ambayo neno la mkulima likisemwa jukwaani huletewa askari, kijana mwenye kipaji anajifunza mapema kwamba maneno yana bei. Hatusemi kwamba Okach alichagua ukimya kwa woga. Jambo hilo hatuwezi kulisema, wala si haki kulisema. Tunachosema ni kwamba ukimya wa sanaa yake haukuzaliwa mahali patupu. Kabla yake kulikuwa na umma ulioanza kusema kwa sauti yake wenyewe, ukanyamazishwa.

Alikwenda London akasoma katika shule ya maigizo bubu ya Desmond Jones. Hapa ndipo wanafunzi wetu walipochekea zaidi, na hapa ndipo elimu yetu ilipokuwa finyu zaidi. Desmond Jones mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Etienne Decroux, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1991. Decroux hakutokea katika majumba ya mabwanyenye. Kabla ya kuingia katika sanaa alifanya kazi za mikono za kila namna, uashi, buchani, na kupakia mizigo bandarini. Alipoanza kutafuta sanaa ya mwili isiyotegemea maneno, alianzia kwa kile alichokijua: jinsi mtu anavyosukuma kitu kizito, anavyovuta, anavyonyanyua, na jinsi uzito wa mwili unavyohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine ili mzigo utii. Miongoni mwa kazi zake ipo moja ya seremala na nyingine ya kiwanda. Aliwafundisha wanafunzi wake kuugawa mwili sehemu kwa sehemu, kichwa, shingo, kifua, kiuno, nyonga, mpaka kila sehemu iweze kusogea peke yake huku nyingine zimetulia. Uso aliupunguzia kazi, hata kuufunika, kwa sababu uso ni mwepisi wa kudanganya. Aliutukuza mgongo. Mtu yeyote aliyewahi kubeba gunia la maharage kutoka shambani hadi barabarani anajua kwamba mgongo ndio unaofanya kazi, na uso unafuata.

Umaarufu, kama kawaida, ulimwendea mwingine. Mwanafunzi wake Marcel Marceau alipaka uso rangi nyeupe, akaizungusha dunia nzima, na watu wengi wanaposikia maigizo bubu humwona yeye, na ua lake kwenye kofia. Hatumlaumu. Lakini makada wetu wakumbuke kwamba mkondo alioufuata Okach una mizizi katika kutazama kazi ya mikono kwa makini. Ukiuita mkondo huo wa kibepari kwa kuwa umepitia London, utalazimika kuiita hivyo hata reli ya kati.

Wala kuigiza kwa mwili si jambo geni kwetu. Babu zetu waliocheza beni waliigiza gwaride la mkoloni kwa vyeo vyake vyote, majenerali, madaktari na wafalme, wakiwa wamevaa na kutembea kama wakubwa wao. Beni ilianzia pwani, ikawa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, kisha ikasafiri bara na askari wa Vita Kuu ya Kwanza na vibarua, hadi Tabora, hadi machimbo ya Katanga. Watawala wa kikoloni waliiogopa ingawa mara nyingi haikusema neno la siasa. Hawakuogopa wimbo, waliogopa namna yule kibarua alivyotembea. Na Waha waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wanajua kwamba kuna mambo ambayo mnyapara huyaelewa yakichezwa na asiyaelewe yakisemwa, au kinyume chake, kutegemea nani anatazama.

Turudi Nairobi. Aliporejea kutoka Uingereza, Okach alikutana na wawili wengine, Afrah Tenambergen na Faustin Linyekula, na mwaka 1997 wakaunda kundi la Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Linyekula apewe nafasi yake hapa, kwa sababu habari yake inatugusa sisi wa Kasulu. Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, katika Zaire ya wakati ule, akakulia Kisangani, akasoma fasihi na maigizo katika chuo kikuu cha huko. Utawala wa Mobutu ulipofunga vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitoka, na mwaka 1993 akafika Nairobi. Wakati Gàara inaundwa, Wakongo wengine waliokimbia vita vya Kivu walikuwa tayari Nyarugusu, katika wilaya yetu hii, ambako kambi ilifunguliwa mwaka 1996. Watu wale wale wa historia ile ile: mmoja alipata chumba cha mazoezi, wengine wakapata turubai. Tofauti si ya kipaji.

Kazi ya kwanza ya Gàara iliitwa Cleansing, yaani Kutakasa. Iliyachukua matendo ya kila siku ya kuosha na kujitakasa ikayafanya kuwa lugha ya kuchezwa. Mwaka 1998 kazi hiyo ilipata tuzo mjini Luanda katika mashindano ya watunzi wa dansi wa Afrika na Bahari ya Hindi. Baada ya hapo milango ikafunguka. Ni milango gani? Mashindano yale yalikuwa yameanzishwa kwa mpango na fedha za Ufaransa, kupitia shirika lililoitwa Afrique en Créations. Aliyeshinda alipelekwa kwenye ziara, na ziara ilimpeleka Ulaya kwenye matamasha, na mwenye tamasha ndiye mwenye kuamua ni Afrika ipi anayotaka kuiona mwaka ule. Tangu wakati huo Okach ameishi akigawa maisha yake kati ya Kenya na Ufaransa.

Wengi wetu tungeishia hapo, tukiwa tumeridhika: fedha ni za Ufaransa, basi sanaa ni ya Ufaransa. Uchambuzi wa namna hiyo ni wa kivivu. Hauulizi fedha nyingine zilikuwa wapi. Dola ya Kenya ilikuwa na taasisi yake ya ngoma, Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 nje kidogo ya jiji la Nairobi. Pale kikundi kimoja cha wachezaji walioajiriwa hucheza ngoma za makabila mengi, moja baada ya nyingine, wakibadilisha mavazi nyuma ya pazia, mbele ya watalii na watoto wa shule. Ni kazi ngumu na wachezaji wake ni hodari. Lakini mtu aliyetaka kuuliza swali jipya kwa mwili wake, aliyetaka kujua mwili wa mkazi wa Nairobi wa leo unabeba nini, pale hakuwa na pa kuuliza. Dola ilimpa mchezaji nafasi ya kuwa kumbukumbu. Mfaransa alimpa nafasi ya kuwa mtunzi. Ukimlaumu kwa kuchagua ya pili, basi kwanza mweleze ya tatu ilikuwa ipi.

Na sisi? Hapa ndipo tuliposita zaidi kuandika. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba tulifundishwa kucheza rumba na chachacha huku wengi wetu hatujui gombe sugu wala kiduo, akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Uamuzi ule ulikuwa wa kimapinduzi, na tunautetea mpaka leo. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo. Lakini jambo moja lilipita bila kujadiliwa. Ngoma ilipotolewa kijijini na kupandishwa jukwaani, iligeuzwa uso. Duara lilifunguliwa likawa mstari, na mstari ukaelekezwa upande mmoja, upande wa viti.

Heru Juu inaweza kutufundisha maana ya kugeuzwa huko. Heru ilikuwa himaya ya Buha, na miongoni mwa watawala wake wa mwisho alikuwepo mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Katika falme za nyanda hizi, na za Burundi na Rwanda jirani zetu, ngoma kubwa hazikuwa chombo cha starehe. Zilikuwa alama ya utawala, na neno ingoma lilibeba mambo yote mawili, ngoma na dola. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria. Kwa nadharia, tangu siku hiyo ngoma ilibaki bila bwana, ikawa mali ya waliokuwa wakiipiga. Kwa vitendo ilimpata bwana mpya haraka sana. Jina lake ni mgeni rasmi.

Tuseme wazi tulivyofanya wenyewe. Katika mikutano mingi tuliyoiandaa wilayani, ratiba ilikuwa ile ile: wageni kuwasili, ngoma, utambulisho, risala, hotuba. Ngoma ilipewa dakika kumi, nyakati nyingine tano. Tuliwaomba wapigaji wasogee ili wasimzibe mgeni. Tuliwaambia akina mama wacheze wakielekea meza kuu. Mgeni akichelewa saa tatu, ngoma ilisubiri juani saa tatu, na alipofika ilipigwa upesi upesi ili kufidia muda alioupoteza yeye. Mara moja mzee mmoja alituuliza kwa upole ngoma yao inamalizikia wapi, kwa sababu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Tulimjibu kwamba muda umekwisha. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno na ubwana. Tumeifundisha ibara ile miaka mingi. Hatukuwahi kuitazama ikitembea kwa miguu mbele ya meza kuu tuliyoitandika wenyewe.

Sasa tunaweza kuizungumzia kazi ya Okach ambayo kwetu ndiyo nzito kuliko zote. Inaitwa Shift…centre, na ilianza mwaka 2005. Katika kazi hiyo hakuna jukwaa upande mmoja na viti upande mwingine. Wachezaji na wanamuziki wamo ndani ya nafasi moja na watazamaji. Watu wanatembea, wanachagua pa kusimama, wanageuka kufuata kitu kinachotokea nyuma yao, wanakosa kingine. Wachezaji hawafuati mstari uliopangwa kutoka mwanzo hadi mwisho, wanatunga hapo hapo, wakisikilizana. Kitovu kinahama. Mtazamaji akidhani amepata mahali pazuri pa kuona, jambo linahamia kwingine. Hakuna anayeona yote, hata aliyelipa zaidi.

Kwa mkosoaji wa Paris huo ni ugunduzi. Kwa mkazi wa Heru Juu ni jambo la kawaida kabisa: ndivyo ngoma inavyokuwa pasipo mgeni. Kwenye sherehe ya jirani hakuna kitovu. Anayepiga anatazamana na anayecheza, anayecheza anamwita aliyesimama, aliyesimama anaingia na mwingine anatoka kwenda kunywa maji. Watoto wamejipenyeza katikati ya miguu. Hakuna pembe moja ya kuona kila kitu, kwa sababu haikutengenezwa ili ionwe. Okach amezunguka London na Paris na miji mingine mingi, na mwisho wa mzunguko ule amefika mahali ambapo sisi tuliwaondoa watu wetu kwa ratiba. Wanafunzi wetu walisema hiyo si ngoma. Kumbe ilikaribia ngoma kuliko ile tuliyokuwa tukiwapangia mbele ya turubai.

Lakini uhakiki si sifa tupu, na lazima tuyataje mapungufu. Kazi hii ina mgongano ndani yake ambao haikuweza kuutatua. Kitovu kinahama, naam, lakini kinahama ndani ya ukumbi. Mlangoni kuna mtu anayeuliza kama umealikwa. GoDown, kituo cha sanaa kilichofunguliwa Nairobi mwaka 2003 na kuwa makao ya wachezaji wengi wa mkondo huu, kiliwekwa katika eneo la viwanda. Jioni maelfu ya wafanyakazi hupita katika barabara za eneo lile wakirudi nyumbani kwa miguu ili kuokoa nauli. Kama kuna miili Nairobi inayojua uzito unavyohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, ni ile. Dansi ya kisasa ilikaa ndani ya ukuta, na miili ile ikapita nje.

Hata Cleansing, pamoja na uzuri wa wazo lake, inaacha swali. Kuosha ni tendo la kila siku, ndiyo, lakini kuna anayeosha nguo zake na kuna anayeosha za wengine kwa kutwa. Katika mitaa ya Nairobi, kama ilivyo Kigoma mjini, wako akina mama wanaobisha hodi asubuhi kuuliza kama kuna nguo za kufua. Tendo la kuosha likishainuliwa na kuwa ibada, linatakaswa nalo: mshahara unatoka, tajiri anatoka, kinabaki kiwiliwili na maji. Decroux alimchukua seremala akamwacha seremala. Tunadhani Okach, katika hatua zake za kwanza, alilichukua tendo akamwacha mtendaji. Hatudai kila mcheza dansi atoe hotuba. Tunadai tu kwamba akiokota jembe, tusisahau kuna mwenye shamba.

Ili tusiwe wakali kwa mtu asiyestahili, tumlinganishe na mwingine. Jean Weidt alizaliwa Hamburg mwaka 1904 katika familia ya wafanyakazi, akafanya kazi ya bustani, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Berlin akiongoza kundi lililojiita Wachezaji Wekundu. Aliwacheza wafanyakazi, akiwachezea wafanyakazi, mara nyingi akicheza nao wakiwa hawana mafunzo yoyote. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933 alilazimika kukimbia, akaishi Paris na kwingineko, na baada ya vita akarudi Berlin ya Mashariki na kuendelea na kazi. Makada wanaomsoma Weidt humsifu kwa msimamo wake, na msimamo huo ulikuwa wa kweli. Lakini tusisahau kilichokuwa nyuma yake. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi vyenye kumbi zao, kwaya zao, magazeti yao, watu waliokuwa tayari kukaa Jumapili alasiri kumtazama mtunza bustani akicheza. Weidt hakuubuni umma wake. Aliukuta umejengwa.

Okach aliporudi Nairobi aliukuta umma gani? Jukwaa la Kamiriithu lilikuwa limebomolewa miaka mingi. Vyama vya wafanyakazi havikuwa na ukumbi wa dansi. Na huku kwetu, ambako Chama kilikuwa na matawi hadi vijijini, kumbi za kutosha na watu wa kutosha, ngoma ilikuwa inasubiri gari la mgeni. Msanii hawezi kuwa na umma ambao hakuna aliyeujenga. Kwa hiyo lawama tuliyoiandika ubaoni pale Heru Juu tuliiandika mahali sahihi lakini kwa jina lisilo sahihi.

Yapo yaliyofanyika, na ni haki yatajwe. Okach hakubaki kuwa mchezaji wa ziara tu. Alifundisha vijana Nairobi, na wengi wa wachezaji wa dansi ya kisasa wa Kenya waliomfuata wamepitia mazoezi yake au ya wanafunzi wake. Mojawapo ya kazi zake, Abila, inabeba jina la Kijaluo la kibanda cha mzee mwenye boma, na jina hilo peke yake linaonyesha mtu anayetafuta mlango wa kurudi nyumbani, hata kama nyumba yenyewe imebadilika.

Linyekula alirudi kabisa. Mwaka 2001 alikwenda Kinshasa akaanzisha Studios Kabako, kwa jina la rafiki yake aliyekufa kwa tauni, na mwaka 2006 akaihamishia kazi yake Kisangani, mji ambao vita vilikuwa vimeupiga vibaya. Huko anafundisha, anarekodi muziki wa vijana, na kazi yake imefika hadi mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako pamoja na wasanii wake walijiingiza hata katika suala la maji safi. Katika kazi yake ya peke yake ya mwaka 2011, Le Cargo, anasimulia alivyorudi kuzitafuta ngoma ambazo utotoni hakuruhusiwa kuzitazama kwa sababu watoto hupelekwa kulala, na alipofika akaambiwa hazichezwi tena. Makanisa mapya yamezikataza. Naye pia hutegemea fedha za matamasha ya Ulaya. Ila fedha ile inapofika Kisangani inakuta watu wanaoisubiri kwa kazi, na hilo linabadilisha mambo kiasi. Wako watakaosema ni kiasi kidogo. Sisi tulio na bajeti ya utamaduni ya wilaya tunaijua maana ya kiasi kidogo.

Katika mafunzo ya msimu uliofuata tulirudi Heru Juu na picha zile zile. Safari hii hatukuanza na ukuta. Tuliwaomba wapigaji na wachezaji wa kijiji wacheze kwanza, na hatukuwaambia wasimame wapi wala kwa dakika ngapi. Viti tulivipanga chini ya turubai kama kawaida, kwa mazoea tu. Wao walitengeneza duara lao mbali kidogo, kwenye kivuli cha mti, na wengi wao wakawa wameipa turubai mgongo. Kwa nusu saa ya kwanza wageni wetu walikaa kwenye viti wakitazama migongo. Kiongozi mmoja aliinuka akaja kutuuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna hitilafu katika itifaki. Wawili walivua koti wakaenda kwenye mti. Ngoma ilikwisha baada ya saa moja na robo, na tulipowasha projekta giza lilikuwa limeingia. Kijana yule aliyeuliza habari ya kufundishwa kunyamaza alikuwa amekaa chini karibu na ukuta, ana vumbi hadi magotini, na alituomba tuanze tena kipande cha kwanza kwa sababu alikuwa hakuuona mgongo.

Kamati ya maandalizi bado haijaafikiana kama viti vipelekwe mwakani.